Mama Aliyecheza Mpangaji

Ujumbe wa Ludovick uliingia kwenye kundi la WhatsApp Jumatano mchana, Godson akiwa kazini anapanga dawa kwenye rafu. Alikuwa mfamasia katika duka la dawa pale Auburn, jijini Sydney, na kwa kawaida hakugusa simu saa za kazi, lakini mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na mteja. Akausoma akiwa amesimama.

"Wapendwa, Jumamosi hii ni zamu yangu. Nawaletea filamu iliyoninyima usingizi darasa la tano zima. *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*. Wenye roho nyepesi wabaki nyumbani."

Chini yake watu walishaanza kujibu kwa vicheko. Mmoja aliuliza kama ni ile ya mwanamke aliyepakwa unga. Ludovick akajibu kuwa ndiyo hiyohiyo. Godson akairudisha simu mfukoni, akaendelea kupanga dawa, na baadaye akagundua kwamba alikuwa ameweka dawa za kifua mahali pa dawa za macho.

Mwanamke aliyepakwa unga alikuwa mama yake.

Hizo Jumamosi za filamu zilianzishwa na Mbula, nesi Mkenya kutoka Kitui, ambaye alikodi ukumbi wa kanisa karibu na stesheni ya Lidcombe na kumshawishi Précieux, Mkongomani mmoja anayepiga video za harusi, alete projekta yake. Kila mwezi mtu mmoja alileta filamu aliyoipenda au kuiogopa utotoni. Wanaitazama yote, wanakula, halafu wanaamua kama bado imo au imechuja. Waliokuja walikuwa Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongomani, na watoto wao waliokaa nyuma na kunong'onezana kwa Kiingereza.

Mwezi uliotangulia zamu ilikuwa ya Mbula mwenyewe. Alileta kichekesho cha mlevi anayebishana na punda wake njiani, na alikuwa amekisifia kwa wiki nzima. Ukumbi ulikaa kimya kama watu waliokuja kusikiliza wosia. Mwishowe Mbula alisimama akasema, "Aki mimi nilikuwa nakumbuka punda anajibu." Hapo ndipo watu walipocheka, lakini filamu ilikuwa imeshachuja.

Godson hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale Sydney, isipokuwa mkewe Joyceline, kwamba mama yake aliwahi kuigiza. Na mwaka huo, kwa bahati, mama yake alikuwa Sydney. Dorothea alikuja kwa viza ya matembezi kumwona mjukuu wake wa kwanza, na alikuwa akilala chumba kimoja na mtoto, akimwimbia nyimbo za Kipare alizozisahau nusu na kuzijazia maneno yake mwenyewe.

Jioni ile Godson alimwambia Joyceline kuhusu ujumbe wa Ludovick wakiwa jikoni.

"Basi usiende," Joyceline alisema. "Sema mtoto anaumwa."

"Nitasema niko kazini."

"Na mama je? Umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Kama anataka kwenda."

Godson alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu. Kabla hajajibu, Dorothea alitokea mlangoni na mtoto begani. Alikuwa amesikia yote, na hakujifanya kuwa hakusikia.

"Wanaionyesha wapi?" aliuliza.

"Kanisani, mama. Ni watu wa kawaida tu, wanakutana kutazama picha za zamani. Watacheka. Huwa wanacheka sana."

"Wacheke. Mimi sijaiona tangu ile siku walipotuonyesha." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Wakati ule hata televisheni sikuwa nayo. Nitakwenda."

"Mama, wataicheka vibaya."

"Godi, mwanangu, nimekaa ndani ya nyumba hii nikitazama majani yakikatwa na mashine. Nipeleke."

Siku ya Jumamosi walifika mapema. Ludovick alikuwa mlangoni, bado na fulana ya kampuni yake, kwa sababu alikuwa ametoka moja kwa moja Port Botany ambako huendesha lori la makontena. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa, na alimwamkia Dorothea kwa kuinama kabisa.

"Shikamoo mama. Karibu sana. Godson hakutuambia kama mama yupo."

"Marahaba, baba."

"Njoo ukae na mimi, mama. Hii filamu ina mambo yake, nitakuelekeza."

Godson alifungua mdomo. Mama yake akamgusa mkono kidogo tu, kama mtu anayempangusa vumbi, akaenda kukaa na Ludovick mstari wa mbele. Godson na Joyceline wakakaa nyuma yao na mtoto.

Précieux alizima taa, na pazia zito likazuia mwanga wa alasiri. Muziki ukaanza, kinanda kimoja kinachorudia sauti zilezile, na jina la filamu likatokea kwa herufi nyekundu zinazochuruzika damu. Ukumbi mzima ukacheka. Godson alitazama kisogo cha mama yake. Hakikutikisika.

Hadithi ilikuwa nyepesi. Bwana na bibi wapya wanapanga nyumba Tabata. Mwenye nyumba anawaambia kuwa chumba cha nyuma kina mpangaji mwingine, mwanamke mtulivu, wasimsumbue. Wao wanamsikia akifagia alfajiri, wanaona nguo zake kambani, lakini kila wanapotaka kumsalimia hawamkuti. Kisha jirani anawaambia kwamba mwanamke huyo alizikwa miaka mingi iliyopita.

"Sasa mama," Ludovick alinong'ona kwa sauti ambayo nusu ya ukumbi iliisikia, "huyo mpangaji ni mzuka. Utamwona sasa hivi. Usishtuke."

"Haya," alisema Dorothea.

Mzuka alitokea. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga wa ngano, na unga huo ulikuwa umeshindwa kufika masikioni, hivyo masikio yalibaki na rangi yake. Alipopaa juu ya kitanda, kamba iliyomvuta ilionekana wazi, na kwenye kona ya juu kipaza sauti kiliingia kikatoka, kama mtu aliyekosea mlango. Sauti yake ilikuwa imewekewa mwangwi hadi maneno hayakueleweka. Watu walicheka mpaka wakapiga viti. Mtoto mmoja nyuma alisema kwa Kiingereza kwamba hata yeye angeweza kutengeneza bora kwa simu, na mama yake akamnyamazisha bila kuacha kucheka.

Godson alikuwa na miaka tisa filamu ile ilipotoka. Watoto wa shule walimwita mtoto wa mzuka, wakamwagia unga kwenye begi. Hakuwahi kuitazama. Alipewa vipande vyake na watu wengine, wakiigiza mbele yake kwa macho yaliyotumbuliwa na mikono iliyonyooshwa, na kwa miaka yote aliamini kuwa filamu ilikuwa hivyo hivyo tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Halafu ikaja sehemu ya sebuleni.

Ilikuwa mchana kwenye filamu. Mke kijana anaingia kutoka sokoni na kapu lake. Pale sebuleni, mwanamke amekaa mkekani, ameipa kamera mgongo, anachambua mchele kwenye ungo. Amejitanda khanga. Mke kijana anadhani ni mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea tangu jana. Anamwamkia huku akivua viatu. Mwanamke anaitikia kwa chini. Mke anaanza kusimulia habari za sokoni, bei ya nyanya, mtu aliyekutana naye, huku akiingia na kutoka jikoni, na yule wa mkekani anasema tu, "Ee." Kisha, "Ee." Mkono wake unaokota chuya, unaitupa pembeni, unaokota nyingine. Hakuna muziki. Kinanda kilikuwa kimeachwa.

Vicheko vilipungua ukumbini Lidcombe bila mtu kuamua kuvipunguza.

Mke kijana anaendelea kusema. Anasema anahisi ana mimba, hajamwambia mumewe bado, mama atakuwa wa kwanza kujua. Mkono kwenye ungo unasimama kidogo, kisha unaendelea. Na hapo, kutoka nje, getini, inasikika sauti ya mama mkwe mwenyewe ikibisha hodi na kumwita mkwewe kwa jina, ikiomba apokelewe mzigo.

Mke kijana ananyamaza, kijiko mkononi. Yule wa mkekani hageuki. Anaokota chuya moja zaidi. Anaitupa. Halafu anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye mapenzi:

"Endelea, nakusikiliza."

Hakuna aliyepiga kelele ukumbini. Ilikuwa ni pumzi tu, watu wengi wakivuta pumzi pamoja. Mbula alikuwa amemshika mkono mtu asiyemjua. Précieux, aliyekuwa amesimama kando ya projekta, alikaa chini. Mtoto mapajani mwa Joyceline, ambaye hakuelewa lolote, aliacha kunyonya kidole na kutazama.

Ludovick ndiye aliyegeuka kwanza. Pengine ilikuwa ile "nakusikiliza". Alikuwa ameketi karibu na sauti hiyo kwa muda wote, ikimwambia "haya" na "ee" kila alipomweleza filamu. Alimtazama Dorothea pembeni, akatazama kwenye kitambaa cha kuonyeshea filamu, akamtazama tena. Dorothea alikuwa amekunja mikono mapajani, anatazama mbele.

"Mama," Ludovick alisema polepole.

"Tazama picha, baba. Bado haijaisha."

Nusu saa iliyobaki ilikuwa na unga tena, na kamba, na mganga mwenye shanga nyingi mno. Watu walicheka, lakini sasa walicheka kwa tahadhari, na kila mlango ulipofunguliwa kwenye filamu walinyamaza kuangalia nani amekaa ndani.

Taa zilipowashwa Ludovick alikuwa amesimama. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na siri hata ya dakika moja. "Ndugu zangu," alisema, "mimi nimemweleza huyu mama filamu nzima. Nimemwambia asishtuke. Kumbe ndiye mwenyewe."

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha wakamwangalia Dorothea, kisha Godson, kisha kitambaa kitupu, na Mbula akaja mbele akipangusa mikono kwenye sketi kana kwamba amefumaniwa akipika.

"Mama, shikamoo. Kwanza utusamehe kwa kucheka."

"Niwasamehe kwa nini, mlicheka panapochekesha. Yale masikio hata mimi nimeyaona leo." Dorothea alisimama taratibu, akashika mgongo wa kiti. "Nilimwambia yule bwana wa vipodozi apake na masikio. Akasema hayataonekana."

"Na ile ya mchele?" Précieux aliuliza kutoka nyuma. "Ile, maman, mulifanya namna gani? Mimi niko mutu mukubwa, na niliogopa kabisa."

Dorothea alifikiri. "Siku ile unga ulikuwa umekwisha," alisema. "Na bwana wa vipodozi hakuja. Mwongozaji alitaka tuahirishe, lakini kamera ilikuwa ya kuazima na ilikuwa irudishwe. Nikamwambia, nipige mgongo. Akasema mgongo hauogofyi mtu. Nikamwambia, wewe nipige tu. Na ule mchele ulikuwa wa kweli, ulikuwa wa kupika, watu walikuwa hawajala. Mimi nilikuwa nauchambua kweli. Ndiyo maana mkono unakwenda vile. Ningekuwa naigiza kuchambua, mngejua."

"Na yale maneno ya mwisho?"

"Hayakuwemo. Yule binti alitakiwa apige kelele sauti ya getini ikisikika. Lakini alichelewa, alisahau, akabaki amesimama na kijiko. Nikaona kimya kinapotea bure. Nikakijaza." Alitabasamu kidogo. "Alishtuka kweli, maskini. Alipomaliza akalia. Nilimpikia chai."

Walipopiga kura, hakuna aliyekubali kuinua mkono kwa kusema imechuja, na hakuna aliyeweza kusema imo yote. Mzee mmoja wa Kirundi alisema filamu ni mbovu na ule mkeka ni wa dhahabu, na kwa sababu haiwezekani kuukata mkeka ukaacha filamu, basi imo. Wakakubaliana naye. Kisha wakala, na watu walipanga mstari kumsalimia Dorothea, na wanawake wawili wazima walimwambia kwamba bado hawaketi na kuzungumza na mtu aliyewapa mgongo.

Njiani kurudi nyumbani Godson ndiye aliyeendesha gari. Joyceline alikaa nyuma na mtoto aliyelala. Walipofika kwenye taa za barabarani Godson akasema, "Mama, kwa nini uliacha?"

"Kuacha nini?"

"Kuigiza. Nilidhani uliacha kwa ajili yangu. Kwa yale ya shule."

Dorothea alicheka kwa pua. "Wewe ulikuja na shati limechanika, nikalishona. Hayo yalikuwa ya watoto. Kilichoniuma mimi ni vitumbua."

"Vitumbua?"

"Nilikuwa napika vitumbua asubuhi, hukumbuki? Filamu ilipotoka hakuna aliyenunua. Wanawake wazima wanapita upande wa pili wa barabara na mabakuli yao. Mama mmoja akaniambia uso kwa uso, dada Dorothea, najua ni mchezo, lakini mikono yako naiona kwenye ule ungo. Hata mwenye nyumba wetu aliniomba nihame, kwa adabu tu, akisema wapangaji wengine hawalali." Alitazama nje ya dirisha. "Nikakaa nikafikiri, nikaona kuwa kama niliweza kuwatisha hivyo bila uso, basi na kuwachekesha naweza. Nikamfuata yule mwongozaji. Nikamwambia nipe kichekesho, la sivyo nitahama mji. Ndiyo akatoa *Posa ya Bwana Kiroboto*."

Godson aliikumbuka. Aliichukia kuliko ile ya kwanza, kwa sababu baada yake watoto hawakukimbia tena, walimfuata mama yake barabarani wakimwita Shangazi Kiziwi na kucheka. Hakujua kuwa mama mwenyewe ndiye aliyewaomba wacheke.

"Na vitumbua?"

"Viliisha kila siku kabla ya saa mbili," Dorothea alisema. "Halafu mambo ya kanda yakafa, wale watu wakatawanyika. Sikuacha, mwanangu. Iliniacha."

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya Godson, na alileta *Posa ya Bwana Kiroboto*. Kuipata hakukuwa rahisi. Binamu yake wa Tanga aliipata kwa mtu aliyekuwa akikodisha sidii zamani, akaituma kwa simu vipande vipande, na Précieux akaviunga. Ukumbi ulijaa. Habari za mpangaji zilikuwa zimesambaa hadi Blacktown.

Kichekesho hakikupokelewa sawasawa na kile cha kutisha. Robo saa ya kwanza ilikuwa na kijana mwenye kigugumizi anayekuja kuposa, na kila alipokwama, watu wa kwenye filamu walimcheka, na kinanda kikaiga kukwama kwake. Lidcombe hakuna aliyecheka. Godson alijuta kuileta. Mbele yake mama yake alikuwa akitikisa kichwa polepole, na Godson hakujua anamtikisia nani.

Kisha wakaja washenga, na shangazi kiziwi wa bibi harusi akaletewa kiti. Kiti kile kilikuwa na mguu mbovu. Shangazi, Dorothea akiwa na kilemba kikubwa, aliketi kwa heshima zote, na mguu ukaanza kuzama. Si kuvunjika, kuzama tu, kidogo kidogo. Mshenga mkuu alikuwa akitoa hotuba ndefu juu ya ukoo wao, na shangazi alikuwa akimsikiliza kwa makini ya mtu mwenye adabu, akizidi kuinama upande mmoja, bila uso wake kubadilika hata chembe. Alipofika karibu na sakafu aliulizwa kama amelielewa lile ombi. Akafikiri, akiwa amelala upande, kisha akauliza kama wamekuja na pilau.

Godson alicheka. Hakujua kuwa atacheka. Kicheko kilimtoka na sauti, kikamsukuma mbele, akamshika Joyceline begani, na alipodhani kimeisha alimwona mama yake kwenye filamu akijaribu kuinuka bila kukubali kwamba alikuwa ameanguka, akaanza upya. Ukumbi wote ulikuwa hivyo. Mbula alikuwa analia. Watoto wa nyuma, ambao wengi hawakuelewa maneno, waliomba irudishwe, na Précieux akairudisha.

Mwishowe Dorothea aliombwa tena aseme neno. "Pale kwenye kigugumizi, pale hapana," alisema. "Nisingeruhusu leo. Tulikuwa tunacheka, na yule kijana alikuwa na kigugumizi cha kweli, naye alikuwa akicheka na sisi, na sijui alikuwa anasikiaje moyoni. Hiyo imechuja, na ichuje."

"Na kiti?" Mbula aliuliza.

"Kiti ni kama mchele. Watu wanadhani kutisha na kuchekesha ni kazi mbili. Ni kazi moja. Ni kusubiri. Ukiwahi, mtu anakuona unamtaka acheke, basi hacheki. Unamtaka aogope, haogopi. Wewe fanya lako, mwache yeye aje."

Précieux alimfuata Godson nje, kwenye uwanja wa magari, watu walipokuwa wakiondoka. Alikuwa na jambo na alizunguka kabla ya kulisema. Alisema kamera anayo, taa anazo, na gereji ya nyumbani kwake pale Lidcombe ina mlango wa nyuma mzuri, wenye mwanga. Maman anabakia siku ngapi?

"Wiki tatu," Godson alisema.

"Inatosha. Kitu kifupi tu. Ludovick anaandika tayari."

"Ludovick anaandika?"

"Anasema ya mutu anapanga gereji, anakuta mama iko ndani."

Dorothea alipoulizwa alitaka kujua kitu kimoja tu, kama kutakuwa na unga. Alipoambiwa hakuna, alikubali.

Walipiga Jumapili mbili, mchana, baada ya ibada. Ludovick aliandika maneno mengi, na Dorothea aliyafuta karibu yote kwa kalamu ya Joyceline, na Ludovick alisimama nyuma yake akiyaaga moja moja. Mbula alishika kipaza sauti kwenye fimbo ya fagio na akaapa kwamba hakitaonekana. Mwigizaji wa kijana anayekuja kupanga gereji alikuwa awe mtu mwingine, lakini aliitwa kazini ghafla, na watu wote wakamgeukia Godson.

"Mimi siwezi," Godson alisema.

"Unaingia, unasalimia, unaona kuna mtu, basi," Ludovick alisema. "Hata lori linaweza."

Mara ya kwanza aliingia akitazama kamera. Mara ya pili alisalimia kabla ya kufungua mlango. Mara ya tatu alicheka. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya gereji, kati ya matairi na baiskeli za watoto wa Précieux, anakunja nguo, akimsubiri bila kuchoka.

"Usinitafute," alimwambia. "Ingia kama unavyoingia dukani kwako. Mimi sipo."

Mara ya nne aliingia kama anavyoingia dukani. Akasukuma mlango, akapapasa ukutani kutafuta swichi, akasema habari kwa mtu ambaye hakumwona. Aliangalia dari. Aliangalia dirisha. Alikuwa kweli ameanza kufikiria kama gereji ile ina unyevu, alipogeuka na kukuta macho ya mwanamke aliyeketi pale.

Hakuwa akimtisha. Alikuwa akimtazama tu, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kumjua tangu zamani na ambaye hana haraka ya kumwambia alivyomjua. Mikono yake iliendelea kukunja shuka. Godson hakuona mama yake pale. Kwa muda ambao hakuweza kuupima, hakuona mtu yeyote anayemfahamu, na mguu wake ulirudi nyuma wenyewe, kisigino kikagonga ndoo.

Mbula alishika fimbo yake bila kutikisika. Hatimaye Précieux alishusha kamera na kupangusa paji la uso.

Dorothea aliweka shuka pembeni, akawa mama yake tena.

"Hapo sasa," alisema. "Ila ukirudi nyuma, rudi polepole zaidi. Tupige tena."

Godson akatoka nje, akafunga mlango, na kusimama juani akisubiri aitwe.